Haki ya Mzee Kusikika: Sauti na Mandhari ya Kamakis

Jamii inapoulizwa inadaiwa nini na mtu aliyezeeka, jibu lake la kawaida huwa chakula, mavazi, dawa na, nchini Kenya, zile shilingi 2,000 za kila mwezi ambazo mpango wa Inua Jamii huwalipa wazee waliosajiliwa wa miaka 70 na zaidi. Ni nadra jibu hilo kugusa yale anayoyaona na kuyasikia mzee huyo anapotoka nje ya lango lake. Kamakis, kando ya barabara ya Eastern Bypass huko Ruiru, hulifanya swali hilo kuwa zito. Jumamosi jioni moshi wa mbuzi choma hutanda juu ya barabara, spika za baa zinazopakana hushindana zikiwa zimeelekezwa nje, makanga huita abiria, na mzee aliyesimama kungoja matatu hukinga sikio kwa kiganja ili amsikie jirani anayemjulia hali.

Uziwi wa uzee, yaani kupungua kwa usikivu kunakoletwa na umri, huanza kwa kuondoa sauti nyembamba zinazobeba konsonanti kama s na f, hivi kwamba penye kelele mzee hutambua kuwa anasemeshwa bila kujua ameambiwa nini. Huitikia kwa kichwa, huona haya kuuliza tena, na mwisho huamua kubaki nyumbani. Hasara hiyo si ya mwili tu. Katika mila za Wagikuyu, wenyeji wa eneo hilo, kiama, yaani baraza la wazee, kilikaa nje na kuamua mashauri kwa maneno, na hadhi ya mzee ilidhihirika katika kusikilizwa kwake. Palipo na kelele za namna hiyo, mzee hupewa shikamoo na kunyimwa kauli. Dini nazo zimeligusa jambo hili: Amri Kumi zinaagiza wazazi waheshimiwe, na katika Kurani Luqman anamuusia mwanawe ashushe sauti, wasia unaozihusu pia nyumba za ibada zenye vipaza sauti.

Hata hivyo, dawa ya kelele hizo si ukimya, kwa maana mzee aliyefungiwa ghorofani asisikie mtoto wala ndege naye ameondolewa duniani mapema. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alionyesha kwamba wagonjwa wa upasuaji wa nyongo huko Pennsylvania, ambao madirisha yao yalitazama miti, waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema na kutumia dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Mti na benchi mbali kidogo na lami, basi, si anasa.

Ugumu uliopo ni wa kweli: baadhi ya vijana wanaochoma nyama hapo Kamakis ndio wanaowanunulia wazazi wao dawa. Lakini Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii, na kugeuza spika ielekee ndani hakumfukuzi mteja yeyote.