Mtaka cha Mvunguni

Wahenga walisema, Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku hizi wako watu, hasa mijini, wafundishao kwamba mtu akilala kimya, akautuliza mwili, akakiwaza moyoni kile akitakacho, kisha akaiachilia hamu yake, kitu hicho kitamjia. Je, ni kweli? Nasi wa Mandewa twaweza kujifunza nini humo?

Kwanza yafaa tujue asili ya mazoezi hayo. Huitwa yoga, nayo yatoka Bara Hindi tangu zamani sana. Neno hilo ni la Kisanskriti, na maana yake ni kuunganisha, kama nira iwaunganishavyo maksai wawili mbele ya plau. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga, na huko Nairobi chama kiitwacho Africa Yoga Project, kilichoanza mwaka 2007, kimewafunza vijana kuwa walimu wake. Iko yoga ya haraka, iko na ya polepole. Katika hii ya polepole mtu hukaa katika mkao mmoja, ameinama au amelala, kwa dakika 3 hata 5, akipumua taratibu. Faida yake si uganga: pumzi ikitolewa polepole, mapigo ya moyo hupungua, na misuli iliyokazana hulegea. Aliyeshinda shambani akipalilia ajua thamani ya kulegea huko.

Walimu wa kale wa elimu hiyo, kama Patanjali, walifundisha mambo mawili yaendayo pamoja: kujizoeza bila kukoma, na kutotawaliwa na tamaa. Fundisho la kuvuta vitu kwa kuwaza lilitoka kwingine. Lilikua Marekani katika karne ya 19, likaenezwa sana na kitabu cha Rhonda Byrne, The Secret, mwaka 2006.

Na tulipime fundisho hilo. Mwaka 2002 Gabriele Oettingen, bibi mtaalamu wa elimu ya nafsi, pamoja na mwenzake Doris Mayer, walieleza habari za wanafunzi waliokuwa wakimaliza chuo na kutafuta kazi. Wale waliozama mno katika ndoto tamu za kazi njema ndio waliopata kazi chache na mishahara midogo. Maana ndoto hushibisha moyo kabla mkono haujafanya neno.

Lakini liko kosa kubwa kuliko hilo. Hapa Singida mvua zetu ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Wakulima wawili wapakanao hupanda uwele siku moja. Wingu likamnyeshea huyu, likampita yule. Tukikubali kwamba kila mtu huyavuta kwa mawazo yale yampatayo, hatuna budi kumwambia huyu aliyekosa kwamba njaa yake ameiwaza mwenyewe. Na mama aliyefiwa na mtoto, tumwambieje? Fundisho limfanyalo mwenye msiba kuwa mkosaji haliwezi kuwa jema, hata likisemwa kwa sauti ya upole.

Je, basi, kutulia hakufai? La, kwafaa sana. Kwatufundisha kupambanua kazi ya mkono na kazi ya mvua. Aachiliaye kabla ya kulima ni mvivu. Aachiliaye baada ya kulima, kupanda na kupalilia, huyo ana hekima. Na asiyeachilia kabisa, akeshaye usiku akiliwaza wingu, hudhani afanya kazi, wala wasiwasi wake hauongezi suke hata moja. Sisi Wakristo twaijua njia hii katika sala: twataja haja zetu, kisha twamwachia Mungu. Sala si kamba ya kumvutia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, uiname kama wahenga walivyosema, ukaunyoshe na mkono. Ukiisha kutenda lililo lako, keti utulie, upumue, ukiache kisicho chako. Hapo ndipo utakapomwona jirani ambaye mvua ilimpita. Kwani mkono ulioacha kushikilia ndio uwezao kumpimia debe la uwele.