Mchu, Mkoko na Hukumu ya Mja

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeumba kila kitu kwa kipimo.

Katika mtaa wa Oud Metha, Dubai, mtoto wa nyumba inayosema Kiswahili huulizwa mara kwa mara: asili yako wapi, na kabila lako lipi? Swali lenyewe si baya, kwani watu wamejaaliwa mataifa na makabila ili wajuane. Ubaya huingia pale jibu linapogeuzwa kuwa hukumu. Basi ni ipi alama ambayo kwayo ni haki kumweka mtu katika fungu lake?

Mfano wa jambo hili hauko mbali. Mwisho wa Khor Dubai, safari fupi kutoka mtaa huo, iko hifadhi ya Ras Al Khor, iliyotiwa mwaka 2007 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Humo umo mti ambao Waarabu huuita qurm, na mtaa wa Qurum mjini Muscat umepata jina kwake. Watu wa Unguja na Pemba huuita mchu. Matope unamoota yana hewa haba na maji yake ni ya chumvi, mambo mawili yauayo miti mingi. Lakini Muumba ameupa mizizi midogo, mfano wa penseli, inayochomoza juu ya matope ili ivute hewa. Na majani yake hutoa chumvi nje, hata chembe zake huweza kuonekana juu ya jani.

Ama mkoko, ambao boriti zake majahazi yalikuwa yakizileta Ghuba kutoka Lamu na Rufiji kwa kuezekea nyumba, huishi katika matope ya namna hiyo hiyo kwa njia nyingine. Hujiegemeza kwa mizizi iliyopinda mfano wa magongo, na chumvi nyingi huizuilia mizizini isipate kuingia. Mbegu yake huchipua ingali imeshikamana na mti mama.

Mwenye kutazama kwa haraka atasema miti hii miwili ni ndugu, kwani yote hukaa maji ya chumvi na yote ina mizizi ya ajabu. Wataalamu wa mimea hawakubali. Miti isiyo ya nasaba moja huweza kufanana kwa sababu ya kupatwa na dhiki moja. Kwa hiyo wao hutazama zaidi ua na tunda, na kwa alama hizo mchu na mkoko ni wa koo mbili mbalimbali. Na hata hapo hutakiwa uangalifu: Linnaeus wa Sweden, katika kitabu chake cha mwaka 1753, alipanga mimea kwa kuhesabu hasa stameni za ua, na waliomfuata wakalazimika kuusahihisha mpango huo, kwani kiungo kimoja hakitoshi kuwa shahidi.

Rangi, lahaja, vazi na mji wa kuzaliwa ni mfano wa mizizi na majani: huonyesha mtu ameishi wapi na kwa shida gani. Tunda la mja ni amali yake. Ndiyo maana wanavyuoni wa Kiibadhi wamefunza kwamba imani ni kauli na amali, na kwamba uimamu haukuhusishwa na kabila moja, bali ni wa mchaji na mwadilifu, awe wa kabila lolote. Wakafunza pia walaya, kumpenda aliyethibiti wema wake. Na baraa, kujitenga na aliyethibiti uovu wake. Na wuquf, kusimama bila ya kuhukumu kwa ambaye hali yake haijajulikana.

Huenda mtu akasema kwamba kusimama huko ni udhaifu. Sivyo. Mtaalamu aletewaye tawi lisilo na ua wala tunda hungoja msimu wake, wala haoni haya. Basi kwa nini mzazi aone haya kumwambia mwanawe, juu ya jirani wa ghorofa ya pili: "Bado hatujamjua"? Na mtoto aliyeulizwa asili yake na ajibu kwa ukweli, bila ya kiburi wala unyonge, kisha asimhukumu mwenziwe kwa kile ambacho yeye mwenyewe hapendi kuhukumiwa kwacho.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.