Mzigo wa Mwenzio

Aprili 2024 Mokgweetsi Masisi, wakati huo Rais wa Botswana, aliwaambia Wajerumani kupitia gazeti lao la Bild kwamba yuko tayari kuwapelekea tembo 20,000, tena hatanii. Kisa ni kwamba Ujerumani ilikuwa ikitaka kubana uingizaji wa nyara za wanyama wanaowindwa na watalii. Botswana ina tembo wapatao 130,000. Wanavunja nyua, wanamaliza mazao yaliyokaribia kuvunwa, mara nyingine wanaua watu. Masisi alitaka wanaomfundisha kuishi na wanyama waonje wenyewe kuishi nao. Watu walicheka, wakapita. Lakini ndani ya kejeli ile mlikuwa na swali zito kuliko mengi yanayoulizwa kwenye mikutano ya mazingira: anayeamua kwamba kitu fulani kina thamani, je, ana haki ya kumwachia mtu mwingine kazi ya kuishi nacho?

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawakuwa na habari za Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, lakini sijapata maelezo bora kuliko hayo ya ugomvi unaoitikisa sera ya mazingira ya Ulaya kwa miaka kadhaa sasa.

Mkakati wa Bayoanuai wa Umoja wa Ulaya, uliotolewa Mei 2020, unataka asilimia 30 ya nchi kavu na asilimia 30 ya bahari zihifadhiwe ifikapo 2030, na theluthi ya maeneo hayo iwe chini ya ulinzi mkali. Sheria ya kurejesha mazingira ya asili, iliyoanza kutumika tarehe 18 Agosti 2024, imeongeza shabaha yake: kazi ya kuponya maeneo yaliyoharibika iwe imegusa angalau asilimia 20 ya ardhi na bahari ya Umoja huo ifikapo 2030, na mifumo yote ya ikolojia inayohitaji kuponywa iwe imefikiwa ifikapo 2050. Sababu inajulikana. Kwa tathmini za Umoja wenyewe, takribani asilimia 80 ya aina za makazi ya viumbe zilizokwisha kuwekewa ulinzi ziko katika hali mbaya. Sina ugomvi na tarakimu hizo. Bila tarakimu mwanasiasa huahidi asubuhi na kusahau jioni. Ninachouliza ni kile ambacho tarakimu haiwezi kukisema, kwa sababu asilimia 30 haina jina la kijiji wala la mtu.

Chukua habari ya mbwa mwitu. Namsema yule mkubwa wa kijivu wa misitu ya Ulaya, si huyu wetu mwenye mabaka. Ujerumani ilimmaliza kwa bunduki na mitego, ikakaa vizazi kadhaa bila kundi lake, hadi mwaka 2000 walipozaliwa watoto wa mbwa mwitu jimboni Saxony. Sheria ya Ulaya ya 1992 ya kulinda makazi ya viumbe ilikuwa imemkinga, naye akaenea. Kufikia 2023 nchi za Umoja wa Ulaya zilikuwa na mbwa mwitu wapatao 20,300. Kwa mhifadhi huo ni ushindi adimu, na ni halali yake kujivunia. Ripoti ya Tume ya Ulaya ya Desemba 2023 ilikadiria kwamba wanaua mifugo isiyopungua 65,500 kwa mwaka. Kati ya kondoo milioni 60 wa Umoja huo, wanaouawa ni asilimia 0.065.

Anayeisoma takwimu hiyo ofisini anaweza kushangaa kelele zote hizi ni za nini. Takwimu ni ya kweli, na mshangao wake ni wa haki. Ila hakuna mfugaji anayeishi ndani ya wastani. Asilimia 0.065 haina maana kwamba kila mwenye kondoo amepunguziwa kiasi kidogo asichokihisi. Maana yake ni kwamba walio wengi hawakupoteza hata mmoja, na wachache waliamka wakakuta zizi zima limetapakaa damu. Huo ndio udanganyifu wa wastani katika mambo ya haki: unaeneza hasara kwa hesabu mahali ambapo maisha yameirundika juu ya watu wachache. Kisha tunawashangaa wale wachache kwa kulia kama walioumia, ilhali karatasi inaonyesha kuwa hakuna aliyeumia sana.

Septemba 2022, katika jimbo la Lower Saxony, mbwa mwitu alimuua farasi mdogo aliyeitwa Dolly. Mwenyewe alikuwa Ursula von der Leyen, Rais wa Tume ya Ulaya. Desemba 2023 Tume ilipendekeza ulinzi wa mnyama huyo upunguzwe, Desemba 2024 kamati ya Mkataba wa Bern wa kuhifadhi wanyamapori wa Ulaya ikakubali, na Mei 2025 Bunge la Ulaya likapiga kura kuirekebisha sheria. Sidai kwamba farasi mmoja alipindua sera ya bara zima. Shinikizo la wafugaji na vyama vyao lilikuwepo zamani. Hata hivyo uamuzi wenyewe nauona haukulenga. Kupunguza ulinzi si kugawana mzigo. Ni kuutua kichwani kwa mfugaji na kumtwisha mnyama, huku mkazi wa mjini, aliyefurahia kurudi kwa mbwa mwitu kwenye televisheni, akibaki mikono mitupu kama alivyokuwa.

Jibu la kawaida ni fidia. Kondoo akiuawa, mtaalamu anakuja, anapima majeraha, serikali inalipa. Fidia ni bora kuliko kutolipwa, lakini tazama inamfanya mfugaji kuwa nani. Inamfanya mtu aliyepatwa na jambo lililoamuliwa na wengine, ambaye lazima kwanza athibitishe kwamba ameumia. Inalipia mzoga, hailipii usiku wa kukesha wala chakula cha mbwa wa kulinda kundi. Na nadhani hakuna mtu mwenye heshima zake anayetaka kuishi miaka yote kama majeruhi wa kulipwa. Tofauti ya fidia na ujira haiko kwenye kiasi cha fedha. Anayepewa fidia amenyamazishwa. Anayepewa ujira ametambuliwa kwamba kuna kitu anakitengeneza.

Kwamba kweli anakitengeneza, mfano ninaoupenda ni wa Burren, katika kaunti ya Clare, magharibi ya Ireland. Ni nchi ya miamba ya chokaa, na kwa mbali utadhani hapaoti kitu. Ukikaribia unakuta maua kwenye nyufa za mawe: mimea ya baridi ya milima ya Alps ikiota bega kwa bega na mimea ya nchi za joto za Mediterania. Watu wamelima na kufuga hapo kwa zaidi ya miaka 5,000. Kwingineko Ulaya mifugo hupandishwa milimani wakati wa kiangazi. Burren hupandishwa majira ya baridi. Ng'ombe wanakula nyasi ngumu zilizobaki, wanateremshwa kabla ya machanuo, na maua yanapata mwanga na nafasi. Wafugaji walipoanza kuwaweka ng'ombe wazito wa kisasa karibu na nyumbani na kuwalisha sileji, nyasi zilizidi huko juu, na vichaka vikaanza kuyafunika maua.

Mhifadhi wa kutoka mbali angefanya nini? Angeweka uzio, awafukuze ng'ombe, na kuyaua maua kwa nia njema kabisa. Mradi ulioanza 2005, ukafuatiwa na programu iliyodumu hadi 2022, ulichukua njia nyingine. Kila mwaka malisho yalipewa alama hadi 10 kulingana na hali ya uoto wake, na mfugaji alilipwa kwa alama. Hakuandikiwa tarehe ya kupandisha ng'ombe wala idadi yao. Aliulizwa matokeo, akaachiwa njia. Waliokuwa wakitazamwa kama kikwazo wakaanza kujadiliana juu ya maua kama wanavyojadiliana juu ya bei ya ndama. Na Burren haiko peke yake. Mabustani ya nyasi ya Transylvania, yenye aina nyingi ajabu za mimea, yapo kwa sababu kuna watu wanaoyafyeka kila kiangazi. Wakihamia mjini, msitu unarudi na bustani inakwisha.

Kwa hiyo ile picha ya asili iliyo safi bila binadamu, ambayo shabaha nyingi zimejengwa juu yake kimyakimya, kwa sehemu kubwa ya Ulaya ni njozi. Kinacholindwa ni kazi ya mikono, hata kama aliyeifanya hakukusudia maua bali maziwa.

Lakini hoja hii ina ncha mbili, na wapo wanaoitumia vibaya. Uholanzi hakuna anayeweza kusema ng'ombe ndio wanaoyalinda maua. Amonia, yenye naitrojeni, inayotoka kwenye mkojo na samadi ya mifugo mingi mno hurutubisha ardhi maskini ambazo mimea yake adimu iliishi kwa sababu ya umaskini huo, kisha majani ya kawaida huimeza. Tarehe 29 Mei 2019 Baraza la Dola la nchi hiyo, katika nafasi yake ya mahakama, liliuangusha utaratibu wa serikali wa kutoa vibali vya shughuli zinazotoa naitrojeni, kwa kuwa ulitegemea ahadi za kupunguza naitrojeni baadaye. Juni 2022 serikali ilitoa ramani iliyodai naitrojeni ipunguzwe kwa hadi asilimia 95 katika baadhi ya maeneo. Matrekta yakaziba barabara, bendera zikapinduliwa juu chini, na Machi 2023 chama kichanga cha wakulima, BBB, kikaongoza uchaguzi wa majimbo.

Hapa ujira hauwezi kuwa jibu lile lile. Nikimwaga taka mtoni, je, nilipwe kwa kuacha? Mkataba wa Umoja wa Ulaya wenyewe unasema mchafuzi ndiye alipe. Hata hivyo Mei 2023 Tume iliridhia mipango ya Uholanzi ya takribani euro bilioni 1.47 ya kuwalipa wafugaji watakaofunga kwa hiari. Kuna wanaoiona kama zawadi kwa mkosaji. Mimi naiona kama deni la taifa zima, kwa sababu mkulima yule hakujitungia peke yake wazo la kupanua zizi. Sicco Mansholt, mkulima aliyekuwa waziri wa kilimo wa Uholanzi baada ya vita na baadaye kamishna wa kilimo wa Ulaya, alijenga sera iliyotaka mashamba makubwa, mashine zaidi, mazao zaidi. Njaa ya majira ya baridi ya 1944–45, wakati wa vita, ilikuwa bado mbichi katika kumbukumbu, na walaji walifurahia maziwa ya bei nafuu. Aliyesukumwa kwa miongo kadhaa kwenda upande mmoja hawezi kugeuzwa ghafla kuwa mhalifu kwa kuwa ameufikia.

Hata hivyo lawama ya pamoja haimpi mtu kibali cha kuendelea. Na tuwe macho na anayezungumza kwa jina la mkulima mdogo. Takribani asilimia 80 ya ruzuku za moja kwa moja za kilimo za Umoja wa Ulaya huenda kwa asilimia 20 ya wanaozipokea. Februari 2024, baada ya maandamano, Tume ilitangaza kuiondoa rasimu ya sheria ya kupunguza viuatilifu. Kilio cha wengi mitaani kilikuwa gharama na bei duni wanazolipwa. Walichopewa ni ruhusa ya kupulizia sumu kama zamani.

Mwanafalsafa John Rawls, katika kitabu chake cha 1971 A Theory of Justice, alitutaka tuchague kanuni za jamii tukiwa nyuma ya pazia, bila kujua tutazaliwa nani. Jaribu: huenda ukawa mpangaji wa Rotterdam, mchungaji wa Asturias huko Hispania, au mtoto wa mwaka 2090 anayehitaji nyuki na maji. Naamini nyuma ya pazia hilo tungechagua kuhifadhi, na tungekataa mchungaji abebe peke yake. Lakini pazia linaficha kitu kimoja ambacho hakifai kufichwa, nacho ni ujuzi. Nyuma yake hakuna anayejua ng'ombe wa Burren wateremshwe lini. Kijiji cha Törbel, huko Uswisi, kilijiwekea kanuni mwaka 1517 kwamba mtu asipeleke kwenye malisho ya pamoja ya mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi 2009, aliitumia Törbel kuonyesha kuwa watu wanaoitegemea ardhi huweza kuibana mikono yao wenyewe. Kuwashirikisha, basi, si hisani ya kidemokrasia. Bila wao sera ni kipofu.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuufuatilia ugomvi huu. Mwaka 1959, mwaka ule ule Bernhard Grzimek, mhifadhi wa Frankfurt, alipoutangazia ulimwengu kwa kitabu na filamu kwamba Serengeti isife, akiamini mbuga ya kweli haina watu, Wamasai waliondolewa Serengeti na kupelekwa Ngorongoro. Filamu ilipata Oscar. Leo mfugaji wa Ulaya anasema yale yale waliyosema Wamasai: hapa pamependeza tukiwa humu humu. Tofauti ni kwamba yeye ana kura na trekta, na Brussels ilirudi nyuma ndani ya wiki chache.

Kila nchi mwanachama inatakiwa kuwasilisha rasimu ya mpango wake wa kurejesha mazingira ifikapo tarehe 1 Septemba 2026. Mpango utakaotaja hekta bila kumtaja atakayezitunza, analipwa na nani na kwa miaka mingapi, hautafika 2030 bila matrekta kurudi barabarani. Na sheria iliyoiagiza mipango hiyo haikuunda mfuko wake wa fedha.