Je, Asiyejua Hana Deni?



Liko swali ambalo wanachuo wetu walipenda kutuuliza katika miaka tuliyofundisha chuo cha ualimu, nasi tulikuwa tukilijibu upesi mno. Mtu akitenda jambo lenye madhara bila kujua kuwa lina madhara, je, ana hatia? Tulikuwa tukisema, "Hana, hatia huanza pale ujuzi unapoanza," kisha tukafuta ubao na kwenda kunywa chai. Siku hizi hatuna haraka hiyo, na sababu yake ni kitu kidogo kisichozidi kidole gumba, nacho ni chubwi ya mvuvi.

Kwa wenzetu wa Shinyanga ambao ziwa hulikuta safarini tu, chubwi ni kile kizito kinachofungwa kwenye mshipi, au kwenye ukingo wa chini wa wavu, ili ndoano na nyavu zizame. Wazee walitumia mawe. Baadaye watu wakaona risasi ni bora, kwa maana uzito wake ni zaidi ya mara 11 ya uzito wa maji, tena huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, na moto wa mkaa huweza kuifikisha hapo. Hata huko Ulaya na Marekani wavuvi wa burudani, wavuao kwa samaki bandia wa plastiki laini, wamekuwa wakiyeyusha risasi nyumbani mwao na kuitia tumboni mwa chambo hicho ili kizame vizuri.

Katikati ya miaka ya 1980 tulikuwa tukifundisha katika shule ya msingi iliyo kando ya ziwa, katika Wilaya ya Geita, ambayo wakati huo ilikuwa ya Mkoa wa Mwanza. Ilikuwa enzi ya Elimu ya Kujitegemea, na mradi wa shule yetu ulikuwa uvuvi. Madukani vitu vilikuwa adimu. Mtu mmoja akatuletea betri kuukuu ya lori, nasi tukawaonyesha wavulana wa darasa la sita namna ya kuipasua, kumwaga tindikali nyuma ya stoo, kuyeyusha risasi ndani ya kopo la rangi, na kuimimina katika kalibu za udongo. Tuliwaonya jambo moja tu: kalibu iwe kavu kabisa, kwa maana risasi ya moto ikikutana na maji hulipuka na kuunguza uso. Tulidhani hatari imeishia hapo. Mafiga tuliyotumia ni yaleyale yaliyopikiwa uji wa watoto.

Mvulana mmoja alikuwa fundi kuliko wote. Aliendelea na kazi hiyo nyumbani, jikoni mwa mama yake, akawa anawauzia wavuvi. Tulimsifu mbele ya shule nzima. Alikuwa hodari wa hesabu, lakini alipofika darasa la saba akawa msahaulifu, analalamika tumbo, anasinzia. Tulisema fedha zimemharibu. Tulimchapa, wala si mara moja. Mtihani ulipokuja hakuchaguliwa.

Hatuwezi kuapa kwamba ilikuwa risasi. Yawezekana ilikuwa malaria, au kichocho, au njaa. Lakini leo inajulikana kwamba moshi na vumbi la risasi hushika nguo, sakafu na mikono. Kwamba mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Kwamba hukaa mifupani miaka mingi, na hudhoofisha akili kabla mzazi hajaona dalili yoyote. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Basi huenda tulimpa mtoto sumu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili tukamchapa kwa sababu ya sumu hiyo.

Mtu atasema, "Mwalimu, hukujua." Ni kweli, wakati ule hatukujua. Lakini habari yetu haikuishia hapo.

Mwaka 2010 tulisikia habari za jimbo la Zamfara, huko Nijeria, ambako watu walikuwa wakisaga nyumbani mawe ya dhahabu yaliyochanganyika na risasi. Watoto wasiopungua 400 walikufa. Tulisikia pia habari za Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwadhuru majirani zake, nao wakaenda mahakamani. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikasimama upande wao mwaka 2024. Tulisikia hayo yote, tukasikitika, tukazima redio. Hatukukumbuka kopo letu la rangi. Au tuseme kweli, hatukutaka kulikumbuka.

Mwaka jana tulikwenda Geita kwa jamaa, tukafika mwaloni. Nje ya nyumba moja tulimkuta mzee akichochea mkaa chini ya sufuria nyeusi, na mjukuu wake wa miaka kama mitatu amechuchumaa kando, akichezea vipande vilivyopoa. Yule mzee akainuka akasema, "Shikamoo, Mwalimu! Unaikumbuka kazi yako hii? Imenisomeshea watoto." Alikuwa ndiye yule mvulana. Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Alitushukuru, akatufungia sato wawili wa kupeleka nyumbani.

Nasi tulinyamaza. Tulimwona mtoto akitia kidole kinywani, tukasema "Marahaba," tukapokea samaki, tukapanda basi la Shinyanga.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, sheria inamtenga mwenye ng'ombe aliyempiga mtu pembe kwa mara ya kwanza na mwenye ng'ombe aliyekwisha kuonywa asimfunge. Wa kwanza huachiliwa, wa pili hubeba lawama yote. Sura hiyohiyo inamtaka aliyeacha shimo wazi amlipe jirani ambaye mnyama wake ametumbukia. Watu wa Geita hawana haja ya kufafanuliwa habari za shimo lililoachwa wazi. Na Mambo ya Walawi, sura ya 4, inasema juu ya aliyekosa pasipo kujua: akisha kujulishwa, yampasa kuleta sadaka.

Hapo ndipo tulipoona kosa la jibu letu la ubaoni. Asiyejua huenda hana hatia, lakini deni analo, na siku atakapojua deni hilo limeiva. Kutojua kulitufaa miaka ile ya 1980. Hakukutufaa tena siku ile ya sato wawili.

Miezi mitatu baadaye tulirudi. Tulimweleza yote, pamoja na habari za fimbo. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, jiwe hunasa. Na nisipoyeyusha mimi, jirani atayeyusha. Watoto wale nini?" Hayo si maneno ya kupuuzwa, na anayeyapuuza hajawahi kulala na njaa. Tulimjibu kwamba nati za chuma na vipande vya nondo huzama vilevile. Kwa uzito uleule chuma huzidi risasi ukubwa kama mara moja na nusu tu. Tena Uingereza ilipiga marufuku kuuza chubwi ndogo za risasi mwaka 1987, kwa sababu ndege wakubwa wa majini walikuwa wakizimeza na kufa. Kama wao waliwahurumia ndege, je, sisi tushindwe kumhurumia mjukuu?

Nyavu zake sasa zina nati. Sufuria bado hajaitupa, ila ameiondoa uani, na mtoto haruhusiwi kuikaribia. Si ushindi mkubwa. Tumeahidi kurudi.

Wapendwa, tusidhani jambo hili ni la wavuvi peke yao. Kule Nyarugusu na Rwamagasa wako wanaochoma zebaki ya dhahabu karibu na mahali wanapolala watoto, nao walifundishwa na mtu waliyemwamini. Wahenga walisema, mwana hutazama kisogo cha nina. Sisi wazazi, walimu na wazee wa kanisa tumefuatwa visogo vyetu muda mrefu. Kila mmoja na ajiulize: ni nini nilichomfundisha mtu, ambacho sasa najua kinamdhuru, nami sijarudi kumwambia? Kurudi huko kuna aibu. Tumeionja, nasi twawahakikishia kwamba haiui. Kunyamaza ndiko kunakoua, tena humwua mtoto wa mwingine.