Altaneta ya Mzee

Peugeot 504 ya babangu ilizimika karibu na Kinungi, saa moja jioni, baada ya taa za mbele kufifia polepole kama mtu anayesinzia. Kesho yake nilichajiwa betri na jamaa wa hapo nikaifikisha Grogan. Fundi aliweka mita kwenye betri injini ikinguruma: volti 12.1. Inafaa zifike karibu 14. Altaneta ilikuwa imekufa.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kutoa altaneta ya Toyota kwenye rundo lake, ampea 70, regyuleta ikiwa ndani yake. Ya pili, kufufua hii kuukuu: koili ifungwe upya, brashi za kaboni mpya, dayodi mpya, beringi mpya, na ile regyuleta yake ya nje ibaki palepale ilipofungwa. Bei zilikaribiana. Halafu akaongeza, bila ubaya wowote: "Si umesema mzee haoni vizuri siku hizi? Weka ya Toyota, umwambie ni ileile. Atajuaje?"

Nilikaa juu ya tairi nikafikiria. Kweli, atajuaje? Glakoma imemla macho, hata namba za simu anasomewa.

Nilisoma falsafa mihula mitatu kabla ya kuacha chuo, na kitu ambacho hakijanitoka ni meli ya Theseus. Plutarch anasimulia kwamba watu wa Athens waliihifadhi meli hiyo kwa kubadilisha kila ubao uliooza, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana kama bado ni ileile. Miaka mingi baadaye Thomas Hobbes akachokoza zaidi: je, mtu akiziokota zile mbao kuukuu aunde meli nyingine, ya kweli ni ipi? Darasani tulicheka. Lakini Hobbes angeletwa Kirinyaga Road angeshangaa, manze. Hapa mbao zilizotupwa huundwa meli kila siku na zinaondoka na abiria.

Na ukiangalia vizuri, hata ile njia ya pili haikuwa safi vile. Ukibadilisha koili, brashi, dayodi na beringi, kinachobaki cha zamani ni ganda tu. Nikimwambia mzee "ni ileile," nitakuwa nimesema ukweli wa ganda. Kwa hivyo niliacha kuuliza ipi ni halisi. Hilo ni swali la watu wenye magari ya maonyesho. Swali langu lilikuwa dogo na chafu zaidi: nitamwambia nini?

Kuna historia hapa. Nilipoacha chuo nilikaa miezi minane bila kumwambia. Karo alikuwa akituma, nami nalipia nyumba. Alipojua hakunipigia kelele. Alianza tu kuniuliza kila kitu mara mbili. Umekula? Umekula kweli? Tangu siku hiyo sijasikia swali lake moja likienda peke yake.

Mtu anayeona, ukimdanganya, bado ana nafasi ya kugundua. Anaweza kufungua boneti. Asiyeona amekupa macho yake uyatumie kwa niaba yake, na nadhani ndiyo maana uongo huo ni rahisi kuliko wote na mzito kuliko wote. Wapo watakaosema uongo unaomtuliza mzee hauna hasara. Mimi huwa nauliza: unamtuliza nani hasa?

Basi nikarudi kwenye hesabu, kwa sababu falsafa haichaji betri. Taa kubwa mbili za wati 55 kila moja zinakula kama ampea 9. Ongeza koili ya moto, waipa, redio, na taa za nyuma, bado hufiki 30. Altaneta hutoa kile gari linachoitisha, haimwagi zote 70 kwa sababu inazo. Na siku ukiitisha nyingi, nyaya nyembamba za zamani zitapata joto, kwa hivyo lazima uvute waya mnene mpaka kwenye betri. Puli ya Toyota ile ilikuwa ya mkanda wenye mifereji mingi, wa 504 ni wa mfereji mmoja. Zaidi ya yote, fundi alitaka kukata kishikio na kukichomelea upya. Koili unaweza kubadilisha tena kesho. Chuma kikishakatwa, kimekatwa.

Tukafufua ile kuukuu. Mita ikasoma 14.1.

Jumamosi nikaipeleka nyumbani. Mzee akaja akipapasa ukuta. "Umeweka ileile?" Nikamwambia ganda ni lile, ndani kila kitu ni kipya, na karibu niweke ya Toyota. "Ileile kweli?" Nikazima injini, nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya altaneta. Akaipapasa yote, pole pole.

"Hii haikuwa yake," akasema. "Yake iliungua 1991. Hii niliitoa kwa 504 ya mwalimu mmoja, ilikuwa imepinduka."

Kisha kidole gumba chake kikashuka kwenye mkanda, akaubonyeza mara mbili.

"Umelegea. Leta spana ya kumi na tatu."