Bodaboda Isiyonguruma

Pita leo kwenye steji za bodaboda Nairobi, huenda ukamwona kijana wa pikipiki ya umeme akichomoa betri iliyoisha, akiisukuma ndani ya kabati la kubadilishia na kuchukua iliyojaa. Dakika chache tu, huyoo! Hana oili ya injini ya kubadilisha wala plagi ya kusafisha, na petroli ikipanda bei usiku wa manane, yeye amelala fofofo. Umeme wenyewe wa Kenya, sehemu kubwa hutokana na mvuke wa chini ya ardhi kule Olkaria, maji na upepo. Bei ya kununua pikipiki hiyo bado inauma, tusidanganyane. Lakini abiria wake sasa anaongea na simu bila kupiga mayowe.