Ukuta wa Mawe na Kifua cha Mwanaapolo

Ndugu zangu, fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8. Hapo Musa hazungumzii sadaka wala sabato. Anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya alizungushie dari lake ukingo, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Madari ya nchi ile yalikuwa tambarare. Watu walipanda huko kulala, kusali na kuanika kitani. Dari lilikuwa mahali pa kazi, na Mwenyezi Mungu aliyezitandaza mbingu hakuona ukingo wa dari kuwa jambo dogo lisilostahili amri yake.

Na itazameni amri yenyewe. Haimwambii anayepanda kwamba ajihadhari. Haingoji aanguke ndipo watu wachangishane pesa za hospitali. Inamkamata mwenye nyumba siku ya ujenzi, kabla mgeni wa kwanza hajakanyaga ngazi. Ukingo usipokuwapo, damu inadaiwa kwake.

Waislamu wanaosoma ukurasa huu nao wanajua Mtume aliagiza mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Basi asitokee mtu kati yetu wa kusema kwamba afya ya mfanyakazi ni mambo ya wizara na vyama vya wafanyakazi, dini isiingie. Dini iliingia zamani sana.

Sasa twendeni Mirerani, wilaya ya Simanjiro, mkoa wa Manyara. Tanzanite yote ya dunia hutoka hapo. Iligunduliwa mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Septemba 2017 Rais Magufuli aliagiza eneo la machimbo lizungushiwe ukuta, kwa sababu mawe yalikuwa yakitoroshwa mchana kweupe. Askari wetu wakaingia kazini, na Aprili 2018 ukuta wa zaidi ya kilomita 24 ukazinduliwa. Kilomita 24! Mimi sina neno baya juu ya ukuta ule. Ulitufundisha kwamba taifa hili likiamua kulinda kitu, hukilinda, tena kwa haraka. Juni 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer alitoa ardhini mawe mawili yenye uzito wa zaidi ya kilo 14 kwa pamoja, serikali ikayanunua kwa shilingi bilioni 7 na ushee, na nchi nzima ikashangilia.

Anayetoka langoni hukaguliwa asije akatoka na jiwe. Jiwe linapimwa, linathaminiwa, linatozwa mrabaha wa asilimia 6. Lakini vumbi alilolibeba kifuani mwanaapolo, yule kijana anayeshuka kuchimba, hutoka nalo hadi nyumbani, na hakuna mkaguzi anayeliulizia.

Nisikilizeni juu ya vumbi hilo, maana hapa ndipo tunapouana kwa kutojua. Mwamba unapotobolewa mkavu, na baada ya baruti kulipuka, hewa ya duara, yaani shimo la machimbo, hujaa chembe za silika. Zile unazoziona zikicheza kwenye mwanga wa tochi si za kuogopa sana, kwa kuwa nyingi hunaswa puani na kooni. Zinazoua hazionekani kwa macho. Hupenya kitambaa ulichojifunga usoni, zikashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya hewa, na mwili ukishindwa kuzisaga huzizungushia makovu. Mapafu yenye makovu hayatanuki. Ugonjwa huo ni silikosisi. Hauna dawa, na unaweza kuendelea kula mapafu hata baada ya mtu kuacha machimbo na kurudi kwao kulima. Tena mtu mwenye silikosisi hushikwa na kifua kikuu kwa wepesi kuliko wenzake.

Mfuateni kijana mmoja, nisiyemtaja jina kwa kuwa ni wengi. Amekohoa miezi mitatu, amekonda, akipanda kilima anahema. Anakwenda kituo cha afya. Tabibu anamuuliza kikohozi kilianza lini, usiku anatoka jasho, nyumbani kuna mwenye TB? Anampima makohozi. Anamwandikia dawa za miezi sita, bure, na watoto wake nao wanachunguzwa. Hiyo ni kazi njema na nawaombea baraka wote wanaoifanya. Kijana anameza dawa, anapata nafuu, na Jumatatu anashuka tena kwenye duara lile lile, kwenye vumbi lile lile, pamoja na wale wenzake ambao hakuna aliyewachunguza, kwa sababu tuliuliza analala na nani, hatukuuliza anachimba na nani. Baada ya mwaka anarudi na kikohozi. Anapewa dawa tena. Safari hii huenda hata si TB. Ni makovu ya mawe, na vidonge vya TB havina la kuyafanya.

Mwaka 1700 huko Italia, daktari Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu kizima juu ya magonjwa ya watu wa kazi, wakiwamo wachimba madini. Aliwasihi madaktari wenzake waongeze swali moja kwa maswali waliyorithi tangu enzi za Hippocrates: mgonjwa huyu anafanya kazi gani? Karne tatu zimepita. Ni zahanati ngapi wilayani kwako ambazo jibu la swali hilo likiandikwa linasomwa na mtu yeyote?

Nasema likisomwa, ndugu zangu, kwa sababu kuandika peke yake tunakuweza. Shida yetu ni mpango. Kituo cha afya kiko chini ya halmashauri, na halmashauri ina wizara zake mbili za kuziripoti. Usalama na afya mahali pa kazi uko kwa OSHA, wakala ulioanzishwa mwaka 2001, chini ya wizara inayoshughulikia kazi. Leseni na wakaguzi wa migodi wako kwa Tume ya Madini. Fidia iko kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Kila ofisi ina gari lake, fomu zake na mkutano wake wa mwaka wenye fulana. Mwanaapolo ana mwili mmoja tu, na mwili huo umekatwa vipande vinne, kila kipande na faili lake, na mafaili hayajuani.

Sheria hatukukosa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, iliyofuta ile ya viwanda ya mkoloni ya mwaka 1950, inataka mfanyakazi apimwe kabla ya kuanza kazi na apimwe tena mara kwa mara. Inataka wawakilishi wa usalama na afya miongoni mwa wafanyakazi wenyewe. Sheria ya fidia ya mwaka 2008 inatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Lakini mwanaapolo hana mkataba. Anakula chakula cha bosi na kungoja asilimia yake siku jiwe likitoka. Hayumo kwenye orodha ya mishahara, kwa hiyo hachangiwi, kwa hiyo akiugua mlango wa Mfuko hauna jina lake. Na wale akina mama wanaochekecha mchanga wa machimbo kwenye jua, wao hata bosi hawana.

Msiniambie haiwezekani kupanga. Sisi ndio tuliowafundisha wengine kupanga! Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, na daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia, akafanya kazi na waganga wetu kuujenga. Dawa nzuri zilikuwapo hata penginepo. Kilichokuwa kigeni ni utaratibu: kila wilaya mratibu wake, daftari la namna moja, hadubini ya kupimia makohozi, na kila robo mwaka hesabu isiyokwepa. Walioanza dawa wangapi? Waliopona? Waliokufa? Waliotoroka, na nani amekwenda kuwatafuta? Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mtindo huo, likaupa jina la DOTS na kuutangaza duniani kote. Ulianzia katika wilaya zetu, mikononi mwa waganga waliosafiri kwa pikipiki na baiskeli wakiwa na daftari kwapani.

Nauliza: mkono ulioweza kuhesabu TB umepooza kwa vumbi?

Wakati Musa alipokuwa akiamua mashauri ya watu peke yake tangu asubuhi hadi jioni, mkwewe Yethro hakumpa maombi wala kumsifu kwa bidii. Alimwambia kwamba atajichosha bure yeye na watu wake, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Yethro alikuwa kuhani, na ushauri aliotoa ni wa uendeshaji. Basi nami nathubutu kuhubiri uendeshaji.

Tabibu, uliza kazi, na uandike jibu kamili: mchimbaji, kitalu fulani, duara la fulani, miaka mingapi. Neno "mkulima" lisiandikwe kwa mazoea kwa kila anayeingia. Mratibu wa kifua kikuu wa wilaya, unapofunga hesabu ya robo mwaka, panga wagonjwa kwa machimbo yao kama unavyowapanga kwa vijiji vyao. Duara lililotoa wagonjwa watatu lina jambo. Mganga mkuu wa wilaya, peleka hesabu hiyo kwa mkaguzi wa migodi na kwa OSHA, kwa barua yenye tarehe. Mkaguzi, shuka kwenye duara hilo ukapime vumbi, kisha mjibu mganga mkuu umekuta nini na umeagiza nini. Barua irudi! Hapo ndipo kazi yetu nyingi hufia: taarifa hupanda juu kila robo, na hakuna linaloshuka. Tabibu aliyeandika miaka mitano bila kujibiwa ataacha kuandika, nami sitamlaumu.

Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, iliyofunguliwa mwaka 1926 kwa wagonjwa wa kifua kikuu, imekwisha kutusaidia. Madaktari wake wamechunguza vifua vya wachimbaji wa Mirerani na kuchapisha waliyoyaona. Utaalamu upo basi, tena jirani. Lakini hospitali hupokea walioanguka. Ukingo hujengwa darini.

Nawe mwenye leseni, nisikupite, maana amri ile ya Musa ilikulenga wewe kwanza. Najua utasema nini. Simanjiro ni nchi kavu na maji ni ya kununua, nawe umekaa miaka bila kuona jiwe. Ni kweli. Lakini mafuta ya jenereta nayo ni ya kununua, na hukosi. Baruti ni ya kununua, na hukosi. Kutoboa mwamba kwa maji hupunguza vumbi kule kule linakozaliwa, kabla halijafika puani mwa mtu. Kupuliza hewa safi na kungoja vumbi litulie baada ya mlipuko hakuhitaji hata tone la maji. Mirerani inakumbuka mwaka 2002, hewa ilipokata chini na watu wakafa makumi. Inakumbuka 1998 na 2008, mvua ilipojaza mashimo. Misiba ile ilikuwa na kelele, mawaziri walikuja. Vumbi huua mmoja mmoja, kijijini kwao, mbali na kamera, na bosi hapati hata habari ya matanga.

Wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini, pamoja na Wasotho na Wamsumbiji waliokwenda kuchimba huko, walikufa hivyo kwa vizazi. Mwaka 2018 kampuni sita zilikubali kulipa takriban randi bilioni 5 kwa wenye silikosisi na TB ya migodini. Wengi waliostahili walikuwa wamekwisha kuzikwa. Hata hivyo walikuwa na wa kumshtaki. Mjane wa mwanaapolo atamshtaki nani miaka 20 ijayo? Kampuni haipo, mkataba haukuwapo, mwenye duara atakuwa amefilisika au naye amekufa kwa vumbi lile lile, maana wengi wao walianza kama wanaapolo. Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kungoja mahakama. Kinga isipowekwa sasa na mamlaka za umma, hakuna atakayekuja kulipa baadaye.

Mfuko wa Fidia nao utafute njia ya kumwandikisha mtu wa asilimia. Serikali iliyoweza kuhesabu kila gramu inayopita langoni inaweza kukata sehemu ndogo ya mauzo ya jiwe kwa ajili ya kifua kilicholitoa. Wataalamu wakae wapige hesabu, mimi ni mhubiri. Ila wasikae mpaka mwaka wa uchaguzi.

Na ninyi wanaapolo wenyewe, vijana wangu, chagueni mmoja katika kila duara awe mwakilishi wenu, kama sheria inavyotaka, na msikubali achaguliwe na bosi. Mnapokwenda hospitali, hata msipoulizwa, semeni: mimi ni mchimbaji. Msione haya.

Waumini wa Simanjiro, madiwani wenu mnawajua, wengine mnasali nao. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai, na bajeti yake hupitishwa miezi kadhaa kabla. Muulizeni diwani wenu Jumapili hii au Ijumaa hii: katika bajeti ijayo, mashine ya picha ya kifua kwa wachimbaji imewekewa shilingi ngapi, na mkaguzi wa vumbi atakuja mara ngapi? Akisema hajui, mpeni wiki moja. Kisha muulizeni tena, mbele ya watu.